Mashairi ya Aibu Niliyomsomea Mwalimu

Nilipopelekwa kumhudumia bibi mmoja wa Champlin, mji mdogo wa huku ughaibuni, karatasi ya kazi ilitaja mambo manne: kumwogesha, kumpa dawa kwa saa zake, kumpikia chakula chepesi, na kumsomea. Matatu ya kwanza nilikuwa nimeyafanya kwa miaka kumi na mmoja katika nyumba za wazee wa huku. La nne sikulitilia maanani. Nilidhani ni gazeti au Zaburi, kwa sababu wengi niliowahudumia walipenda Zaburi, ukimwacha mzee mmoja aliyetaka nimsomee matangazo ya mashine za kukatia nyasi.

Bibi huyo alikuwa na miaka themanini na sita. Alikuwa amefundisha mashairi ya kale ya Kiingereza chuoni mpaka alipostaafu. Macho yake yalikuwa yamekufa katikati, akawa anaona kingo za vitu tu, kwa hiyo akitaka kukuona vizuri alikugeuzia shavu na kukutazama kwa upande, kama kuku anayepima punje. Aliniita kwa jina langu tangu siku ya kwanza, ndiyo desturi ya hapa. Mimi sikuweza kumwita kwa jina lake mtu aliyemzidi mama yangu umri, nikamwita Mwalimu. Aliuliza maana yake. Nilipomweleza, akasema niendelee hivyo hivyo.

Siku ya tatu, baada ya dawa na uji, aliniomba nitoe kitabu kinene kwenye rafu ya chini. Alisema mashairi yaliyomo yana miaka mia nne hivi. Nilikifungua nikaona Kiingereza chake kinafanana na kile cha Biblia ya zamani aliyokuwa nayo baba yangu, nikajua nimepata kitu cha heshima. Nilikaa wima, nikasafisha koo, nikaanza kusoma kwa ile sauti ninayosomea somo la kwanza kanisani.

Shairi lilimhusu muuza dawa mmoja mjini aliyekuwa na mchi mzuri kuliko michi yote. Wake za watu walitoka mbali kumletea viungo vyao awatwangie. Mmoja alisema mchi wa nyumbani kwake umechakaa, mwingine akasema wa kwake haufiki chini ya kinu. Muuza dawa hakuwa na choyo, aliwatwangia wote, mpaka jasho likamtoka.

Mimi nilifurahi kukuta Waingereza nao walikuwa na vinu. Nikaacha kusoma kidogo ili nimweleze Mwalimu ya kwetu. Nilimwambia kwamba mchi mzuri ni mzito lakini haumchoshi anayeushika. Nikamwambia kwamba kinu kinachokaa muda mrefu bila kutumika hupasuka, na kwamba mama yangu alipenda kutwanga kwa kupokezana na jirani, huyu akiinua, yule anashusha, na raha yake ni kwenda kwa mpigo mmoja.

Mwalimu alianza kutetemeka. Nilidhani amepaliwa na uji, nikaruka kumpiga mgongoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Alinizuia kwa mkono, akavuta pumzi mara mbili, akanigeuzia shavu.

"Sikiliza," alisema. "Huyo muuza dawa hana mchi wowote wa mti."

Nilirudi juu ya ukurasa, nikausoma upya kimya kimya, mstari kwa mstari. Kisha nikakifunga kitabu, nikaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo nilikuwa nimekwisha kuviosha.

Ieleweke kwamba mimi ni mama wa kanisa. Wakati huo nilikuwa katibu wa akina mama katika kanisa letu la Brooklyn Center, na ndimi niliyekuwa nikiwakanya wasichana kuhusu urefu wa sketi. Nilipotoka kazini saa nane mchana nilikuwa nimeamua kuiomba ofisi iliyoniajiri inihamishie kwa mgonjwa mwingine. Nilianza hata kuyapanga maneno garini. Lakini kwenye taa nyekundu ya pili nikamkumbuka yule mke aliyelalamika kwamba mchi haufiki chini, nikacheka peke yangu mpaka nikaegemea usukani. Mwanamume wa gari la pembeni alinitazama, kisha akapandisha kioo chake taratibu.

Si kwamba mambo hayo yalikuwa mageni kwangu. Nililelewa Mombasa, katika nyumba ya Waswahili ambamo wazazi wangu walipanga chumba kimoja. Ilipofika arusi ya jirani, wanawake walipiga vugo: walijipanga mistari, kila mmoja na pembe yake ya nyati na kijiti, wakagonga pembe na kuimba. Waliyoyaimba yalimhusu bwana arusi, na mwanamume aliyejisifu barazani huku mkewe akimcheka ndani, na mambo mengine ambayo mama yangu, Mkristo safi kutoka bara, hakutaka tuyasikie. Alitufungia madirisha. Lakini dirisha la Mombasa halifungiki vizuri, na mimi nyimbo zile nilizijua kwa moyo miaka mingi kabla ya kujua zinasema nini. Jioni moja nilimwona mama mwenyewe anageuza chapati huku mabega yake yanacheza. Alidai ni moshi.

Kesho yake nilirudi Champlin, nikamweleza Mwalimu habari za vugo. Alinihoji kama askari: wanawake wangapi, wanasimama vipi, nani anatunga, mume wa mtu akitajwa inakuwaje. Nilipofika kwenye pembe alinikatiza. Akasema katika mashairi yale ya kwao, mume ambaye mkewe anatoka nje ya ndoa huota pembe kichwani. Kila mtu anaziona isipokuwa yeye, na akienda kuvaa kofia inamshinda.  Kisha akaniambia nilete kitabu.

Basi ikawa hivyo majira yote ya baridi. Nje, mto unaopita nyuma ya nyumba ulikuwa umeganda kingo zote mbili, na katikati maji meusi yanapita. Ndani sisi tulisoma. Mwalimu alinifunza mengi bila kuonekana anafundisha. Alisema mashairi yale mengi hayakupigwa chapa mwanzoni. Watu waliyanakili kwa mkono kwenye madaftari yao, wakayapitisha kwa marafiki. Ungekuta ukurasa mmoja una mahubiri ya Pasaka, unaofuata una dawa ya jino, na unaofuata una habari za mjane na mtumishi wake wa bustani. Nilimwuliza kama watu hao hawakumwogopa Mungu. Akasema walimwogopa sana, na Jumapili walijaa kanisani, ila hawakudhani kwamba Mungu ndiye mtu pekee asiyejua jinsi watoto wanavyopatikana.

Hata hivyo, yaliyoniteka zaidi ni yale ya dhihaka. Kulikuwa na kijana wa ikulu aliyejipaka manukato mengi kiasi kwamba nyuki walimfuata, na tumbo lake tupu likaunguruma mbele ya malkia. Kulikuwa na kasisi aliyehubiri juu ya kufunga huku kitambi chake kikimtangulia kupanda mimbarini. Nilipomaliza la kasisi nilimwambia Mwalimu kwamba mtu huyo namjua, anaishi Woodbury.

"Kila mtu anamjua," alinijibu. "Ndiyo maana shairi limeishi miaka yote hiyo."

Woodbury, upande wa pili wa jiji, ndiko alikoishi pia mwanawe wa pekee, mtu wa makamo, mpole na mwenye wasiwasi. Alikuwa ameweka kamera ndogo sebuleni ili aone kama mama ameanguka. Nilijua ipo. Nilichokuwa sijui ni kwamba inasikia. Alhamisi moja, wakati wa mapumziko yake ya mchana, aliifungua kwenye simu yake, na akamkuta msaidizi wa mama yake anatangaza kwa sauti ya mimbarini jinsi mke wa msaga nafaka alivyompokea mgeni mlango wa nyuma wakati mumewe anagonga wa mbele.

Saa moja baadaye msimamizi wangu alinipigia. Alikuwa na adabu sana, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniuliza ninamsomea nini mteja. Nilimkumbusha kwamba kila siku nimeandika kwenye ripoti: tumesoma mashairi, mteja amecheka vizuri. Akasema familia ina wasiwasi kwamba mteja hajui anachosomewa, na kwa hiyo nisimamishe kusoma kwanza.

Nilikata simu. Kazi hiyo niliihitaji, na tuhuma ya namna hiyo hukufuata nyumba hadi nyumba. Zaidi ya hofu niliona haya, kwa sababu sikuweza kujitetea bila kulisema lile jambo lenyewe. Mwalimu alikuwa amesikia upande wangu wa mazungumzo.  Aliniomba nimpigie mwanawe na niiweke simu mezani, sauti wazi.

Mwana alijieleza kwa haraka. Alikuwa na hofu, alisema, pengine mama anatumiwa vibaya, pengine haelewi. Mama yake alimwacha mpaka akaishiwa.

"Meno yako yalinyooshwa kwa mshahara wa mashairi haya," akamwambia. "Ninajua kila neno lililomo. Asiyejua ni wewe, na ulizaliwa katika nyumba hii."

 Kisha mwana akaniomba radhi, kwa jina, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Ofisi yetu nayo ilitaka barua ya mteja kwamba anasomewa kwa ridhaa yake. Mwalimu aliitia saini kwa herufi kubwa zilizotoka nje ya mstari, zikapanda ukingoni mwa karatasi, mahali ambapo macho yake yalifika. Tukaendelea.

Mwezi wa pili, mwenzangu mmoja wa kwaya alinishika mkono baada ya ibada. Yeye ni mama kutoka Kivu, aliyefika hapa na watoto wake baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi. Binti yake wa kwanza alikuwa anaolewa, na akina mama walikuwa wamepanga kumfanyia binti siku yake ya kuagwa. Aliniambia kwamba kwao kazi ya kumweleza bibi arusi mambo ya ndani ni ya shangazi na mama wadogo. Alianza kuwahesabu kwa vidole: mmoja alibaki kambini, wawili hakujua walipo, mmoja alikufa njiani. Akakunja ngumi kabla hajafika mwisho.

"Bon, dada," alisema, kwa ile "haya basi" yao ya Kifaransa. "Weye utasimama pahali pao."

Nilikubali kabla sijafikiri. Mtu anapokuomba hivyo, huwezi kumwambia utaangalia ratiba. Lakini Jumatatu nilifika kwa Mwalimu nimenyong'onyea. Kumkanya msichana najua. Kumfundisha furaha sikuwahi, na binti mwenyewe amekulia huku, unamsemesha Kiswahili anakuelewa vizuri sana, ila anakujibu kwa Kiingereza. Mwalimu alifikiri, kisha akanipa ushauri ambao watungaji wake wa zamani waliuishi: chukua kazi ambayo watu wako wanaifanya kila siku, na usikitaje kitu chenyewe. Mwache msikilizaji aone haya kwa akili yake mwenyewe.

Nikajiuliza, sisi watu wa hapa tunafanya nini kila siku? Hatutwangi. Asubuhi tunatoka nje kwenye baridi inayouma pua, na kazi ya kwanza ni kuliwasha gari. Nilichukua daftari langu la masomo ya Biblia, maana ndilo lililokuwa karibu, na nyuma ya maelezo ya Waraka kwa Warumi nikaanza kutunga. Nilifuta, nikaandika, nikahesabu mizani kwa vidole mezani huku Mwalimu akisinzia. Vina vya kati vilinishinda, nikaviacha. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Baridi ya huku kwetu, gari usiliamini,
Liwashe ulisubiri, lipate moto wa ndani,
Dereva mwenye papara, huzimikiwa njiani,
Mwambie aende pole, hachelewi kituoni.

Ulifuata wa kukwangua barafu kwenye kioo bila kukichubua, na wa jirani mwenye waya za kuamsha betri za watu. Kwa kuwa nilikuwa nimepata mwendo, nikaongeza mmoja juu ya wazee wa kanisa wanaofika arusini wa mwisho na kupakuliwa wa kwanza, kisha wanalala kwenye hotuba.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Ukumbi ulijaa vitenge na harufu ya pilau, sambusa na samaki wa Kikongo. Nilimwalika Mwalimu, na mwanawe ndiye aliyemleta, akasukuma kiti chake cha magurudumu kwenye theluji kwa uangalifu mkubwa. Wanaume hawakuruhusiwa ndani, kwa hiyo alikaa kwenye ukumbi mdogo wa mlangoni na wazee wawili, wakamjazia sahani. Mwalimu tulimweka karibu na bibi arusi.

Nilipoitwa, nilisimama. Mke wa mchungaji alikuwa amekaa mbele kabisa na mkoba wake mapajani. Nikafungua daftari langu la Biblia, nikasoma kwa sauti ile ile ya somo la kwanza, kwa sababu sikuwa na nyingine.

Ubeti wa kwanza ulipita katika ukimya mtupu. Niliona nyuso zikijitahidi kuamini kwamba ni mawaidha kuhusu magari. Katika wa pili, mama mmoja nyuma alikohoa kikohozi ambacho si cha mafua. Nilipofika kwa jirani mwenye waya, bibi arusi akaweka viganja usoni. Nikadhani nimemwumiza, nikasita. Akatoa viganja, na macho yake yalikuwa yanameta. Akajibu kwa Kiingereza, taratibu, ukumbi mzima ukasikia: samahani, Auntie, yeye anaendesha gari la umeme. Halihitaji kupashwa moto.

Kilichofuata sikielezi vizuri. Wanawake waliangukiana. Kuna aliyekwenda kujiegemeza ukutani. Mke wa mchungaji alificha uso ndani ya mkoba wake, na mkoba ulikuwa unatikisika. Mwalimu, ambaye hakuwa ameelewa neno hata moja la Kiswahili ila alikuwa anacheka tangu mwanzo kwa kuifuata sauti, alinivuta gauni nimtafsirie. Nikainama nikamnong'oneza yote, mpaka lile jibu la umeme. Wakati huo ukumbi ulikuwa umeanza kutulia. Akaangua kicheko peke yake, kirefu, na watu wote wakaanza upya.

Mama wa bibi arusi alinikuta baadaye karibu na sufuria. Alikuwa amelia, ila uso wake ulikuwa mwepesi. Alisema siku hiyo alikuwa amesikia sauti za dada zake. Kisha alirudi kugawa chakula.

Jumanne mchungaji aliniita. Nilikwenda na daftari. Aliusoma ukurasa wa Warumi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akageuza, akasoma beti zote bila kubadili uso. Mimi nilitazama zulia. Mwishowe alifunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Ya gari sina neno," alisema. "Ya wazee itoe."

Nilipomsimulia Mwalimu hakushangaa hata kidogo. Alisema ndivyo ilivyokuwa enzi zile pia: maaskofu waliwahi kuagiza vitabu vya dhihaka vichomwe moto. Ya chumbani watu huyasamehe upesi. Ya kitambi hawayasamehi. Mimi ubeti wa wazee niliutoa kwenye daftari, kwa utii, nikauchana vizuri kwa rula. Tatizo ni kwamba akina mama walikuwa wamekwisha kuukariri, na katika arusi yenyewe wazee wetu walifika mapema kuliko walivyowahi kuonekana, wakasimama kwenye foleni ya chakula nyuma ya watoto.

Theluji ilipoyeyuka Mwalimu alidhoofika miguu, na mwanawe akamhamishia kwake Woodbury. Ofisi ilinipa mgonjwa mwingine, mzee mmoja anayependa michezo ya mpira kwenye redio. Sikulalamika, lakini wiki za kwanza nilikuwa nikiegesha gari mlangoni kwa mzee huyo na kukumbuka kwamba hakuna atakayenigeuzia shavu. Nikaanza kwenda Woodbury mara moja kwa mwezi, Jumapili baada ya ibada, nikiwa bado kwenye nguo za kanisani.

Mara ya mwisho nilipokwenda niliingia kimya kwa sababu nilisikia sauti. Mwana alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na kitanda, miwani puani, anamsomea mama yake. Alisoma vibaya, kwa kukatakata, masikio yake yakiwa mekundu. Mama alikuwa amelala macho yamefumbwa, midomo yake inatangulia kila neno kabla halijasomwa. Walifika kwenye mstari mmoja, mwana akakwama. Aliponiona mlangoni alifurahi kama mtu aliyepata msaada, akaniuliza neno lile lina maana gani.

Nilivua koti, nikavuta kiti, nikamwambia amwulize mama yake.